Kesi za Siku za Giza

Vijana, nimeombwa niwaeleze namna ya kuwauliza watu maswali. Nimekubali kwa sababu aliyeniomba ni mtoto wa dada yangu, naye anajua nyumba yangu haina mlango wa nyuma wa kutorokea. Kama ni kuchoka, nimechoka. Magoti yangu yaliishia kwenye vilima vya Bugarama, na uvumilivu ulinitoka kitambo, nadhani mahali fulani kati ya Rumonge na Nyanza-Lac. Kwa miaka mingi nilikuwa na kazi moja tu: kubisha hodi kwa watu wa kawaida, kuwauliza wamepatwa na ugomvi gani, walikwenda wapi kutafuta haki, na kama waliipata. Majibu yalijumlishwa, yakachambuliwa, kisha yakapelekwa kwa wakubwa wa mahakama na wa komine, yaani serikali za mitaa, ili warekebishe pale panapowaumiza watu. Sisi tulijiita wahoji. Watu wa mwambao wa ziwa walituita watu wa ankete, yaani wa uchunguzi, na hawakulisema jina hilo kwa sifa.

Ninyi mnaanza na tableti. Sisi tulianza na karatasi, tukizifunga kwenye mifuko ya plastiki wakati wa mvua, na bado zililowa. Niliwahi kurudi Rumonge na majibu ya kilima kizima yamegeuka uji. Ikabidi turudi kuwauliza upya watu walewale, nao safari ya pili wakajibu mambo tofauti kabisa. Nilidhani nitafukuzwa kazi. Mkuu wetu wa timu, Melkiori, alicheka mpaka akakaa chini. Alisema majibu ya kwanza yalikuwa ya adabu, haya ya pili ndiyo ya kweli, kwa hiyo mvua imetusaidia.

Huyo Melkiori alikuwa mwalimu wa zamani wa shule ya msingi, mtu mrefu, sauti ya chini, kofia moja miaka yote. Alinifundisha kazi kwa kunikataza. Alinikataza kuvaa fulana ya mradi. Alinikataza kukaa juu kuliko mwenyeji: yeye akikaa kwenye mkeka, wewe kaa kwenye mkeka, hata kama sketi yako ni mpya. Alinikataza kukataa maji niliyopewa. Na zaidi ya yote alinikataza kufika na gari.

Hilo la gari tulilijifunza kwa aibu. Wiki yangu ya kwanza tulipanda kilima kimoja juu ya Rumonge na gari jeupe la mradi, na kabla hatujazima injini watu walishatoka na mabeseni na magunia matupu. Walidhani tumeleta chakula. Melkiori akashuka, akavua kofia, akawaambia kwa heshima zote kwamba tumekuja na maswali tu. Mama mmoja akakunja gunia lake polepole, akasema, "Maswali tuko nayo ya kutosha. Mungeleta majibu." Tangu siku hiyo gari lilibaki barabarani, na sisi tulipanda kwa miguu.

Jambo lingine, na hili liandikeni mioyoni. Usimuulize mtu kama ana kesi. Kwetu kuwa na kesi ni aibu, na mtu mzima hatakubali mbele ya mgeni, tena watoto wake wakisikiliza. Ukiuliza hivyo utapata hapana kuanzia asubuhi mpaka jioni, utarudi nyumbani na nchi isiyo na ugomvi hata mmoja. Muulize mara ya mwisho jirani alipolima akavuka mpaka. Muulize mbuzi wa nani alikula maharage. Muulize ndugu walipogawana ya marehemu baba, nani hakuridhika. Hapo mtu anakohoa, anavuta kigoda, na wewe unajua kwamba chakula cha mchana huli.

Mimi mwenyewe sikuingia kazi hii kwa mapenzi ya elimu. Nilizaliwa Burundi, nikakulia kambini Tanzania, nikarudi mtu mzima mwenye Kiswahili kingi na Kifaransa cha kubabaisha. Baba alipofika kwenye shamba lake alikuta watu, nao walikuwa wamezaliwa palepale, hawakujua kwingine. Bashingantahe, wazee wa kilima wanaosuluhisha watu, waliligawa katikati. Haikuwa hukumu mbaya. Lakini baba alikaa kwenye nusu yake akiitazama ile nusu nyingine mpaka alipofariki. Kwa hiyo niliposikia kuna kazi ya kuwauliza watu kama walipata haki, nilijua angalau swali lenyewe lina uzito gani.

Sasa nifike kwenye ankete ya kwanza ya mwambao, maana ndiyo inayoninyima usingizi wa mchana mpaka leo.

Kanuni ilikuwa rahisi. Nyumba zilichaguliwa kwa bahati nasibu kabla hatujatoka ofisini. Tunafika asubuhi, kabla jua halijawa kali, tunamwomba mkuu wa nyumba. Akikosekana asubuhi hiyo, tunahamia nyumba inayofuata. Hiyo iliitwa kuchukua mbadala, na ilikuwemo kwenye mafunzo, imepigiwa mstari. Haikuwa kanuni ya kijinga. Bila hiyo kazi isingekwisha.

Basi tukaingia mitaa ya wavuvi pale Rumonge. Nabisha hodi, mke anatoka na kitenge, ananikaribisha. Mumeo yupo? Yupo, analala. Nadhani mnajua mvuvi wa ziwa letu anavyoishi. Mwezi ukiwa haupo, siku za giza, anakesha majini na taa zake, maana ndagala, dagaa wetu, hufuata mwanga. Anarudi alfajiri, anauza, anaanguka kitandani kama gogo. Mwezi ukijaa, siku za mbalamwezi, taa haina maana, anabaki nchi kavu akishona nyavu. Sisi tulifika siku za giza. Nilimwambia yule mke, usimwamshe, amechoka. Niliona nimefanya ubinadamu. Nikamuuliza yeye basi, akacheka: mke hamsemei mume mambo ya mahakama, akiamka ataniuliza nilipeleka mdomo wapi. Nikashukuru, nikahamia kwa fundi cherehani.

Ndivyo tulivyokwenda mtaa kwa mtaa, mpaka huko Kabonga karibu na mpaka wa Tanzania. Mafundi cherehani walitujibu vizuri. Walimu walitujibu vizuri zaidi, na kwa sentensi ndefu. Ripoti ikatoka na jalada zuri, ikasema kwamba mwambaoni watu wanafika mahakamani bila shida kubwa na wanaoitwa wanaitika. Tulipongezwa. Mimi nilipeleka nakala nyumbani nikamwonyesha mume wangu jina langu ukurasa wa mwisho.

Siku chache baadaye tulikuwa mgahawani karibu na soko, mimi na Melkiori, tunakula ugali na mikeke, samaki wa ziwa letu. Akaingia mama mmoja mfupi, Mswahili wa palepale Rumonge, kanga kiunoni na mtandio kichwani, mikono ina rangi ya mawese ambayo haitoki hata kwa sabuni. Akatutazama mmoja mmoja.

"Amahoro. Ni nyinyi batu ba ankete?"

"Amahoro, mama. Ni sisi. Karibu ukae," Melkiori akasema.

"Sikai. Mulifika kwangu. Mulikuta mutoto wangu Issa iko analala, mukaenda kwa jirani. Ule jirani hana kesi hata ya kuku. Mulimuuliza nini?"

Melkiori aliacha tonge kwenye sahani. "Mama, hatukutaka kumwamsha. Alikuwa amechoka."

"Hata tirubinali haikutaka kumwamusha," akasema yule mama, akimaanisha mahakama. Hapo ndipo alipokaa.

Jina lake Mwajuma, na mtaani walimwita Bibi Mwajuma. Alikuwa na kipande cha michikichi nyuma ya mji, alichoachiwa na mumewe. Chikichi hizo alizivuna, akazichemsha, akazikamua, na mawese yake ndiyo yaliyomlisha yeye na wajukuu siku ambazo ziwa halikutoa kitu. Kwa desturi yetu ardhi haiandikwi kwa mjane, inaandikwa kwa mtoto wa kiume, kwa hiyo shamba lilikuwa la Issa kwa jina na la mama kwa jasho. Mfanyabiashara mmoja akajitokeza akidai aliuziwa shamba hilo na baba mdogo wa Issa, ambaye alishafariki. Bibi Mwajuma alisema shemeji yake hakuuza kitu, aliazimwa tu sehemu ya kulima mihogo, na majirani wanajua. Mfanyabiashara akaenda mahakamani. Mahakama ipi, sitaitaja. Ziko kadhaa mwambao huu na zote zina mabenchi yanayofanana.

Issa aliitwa. Mara ya kwanza ilikuwa giza. Alitoka ziwani, akauza ndagala, akaoga, akaenda bila kulala. Kesi ikaahirishwa. Mara ya pili ilikuwa giza tena. Akaenda vilevile moja kwa moja kutoka ziwani, akakaa kwenye benchi mwishoni kabisa, akaegemea ukuta. Aliitwa kwa jina, akaitwa tena, naye amelala palepale mdomo wazi. Waliokaa karibu hawakumjua, walidhani ni mtu wa kesi nyingine. Ikaandikwa kwamba hakuwepo. Aliamka watu wanatoka, akamuuliza mlinzi kama wamefika kwake. Mara ya tatu hakwenda. Alisema kama kulala, heri alale kwake. Hukumu ikatoka bila yeye, na shamba likapewa mfanyabiashara.

"Majirani bale balikuwa tayari kusema," Bibi Mwajuma akatuambia. "Hakuna aliyebauliza. Na nyinyi mulikuya na maswali yenu, mukapita."

Niseme wazi: sijui kama Issa angeshinda. Huenda yule shemeji aliuza kweli, watu huuza. Hakuna mtu anayejua, kwa sababu hakuna aliyekaa akamsikiliza. Jambo hilo ndilo lililonichoma.

Melkiori alilipa chakula bila kumaliza kula, akaenda kupiga simu Bujumbura. Aliomba turudi mwambaoni siku za mbalamwezi. Wakubwa wakanung'unika: ripoti imeshatoka, imeshapongezwa, sasa mnataka nini? Aliwaambia kwamba tumewauliza watu waliokuwa macho tukaandika majibu ya mji mzima. Walikubali baada ya kuvutana sana, na nadhani walikubali ili akate simu.

Mbalamwezi ilipofika tulitembea mwambao. Jamani, ilikuwa nchi nyingine! Wanaume wale wale tuliowaacha wamelala walikuwa wamejaa ufukoni, nyavu zimetandazwa, wanashona, wanacheza dama, wanabishana mpira. Walitaka kuongea. Mmoja alijibu kila swali kwa kuniomba nyavu mpya, hata nilipomuuliza umri wake. Tuliongeza swali moja tu kwenye karatasi zetu: mara ya mwisho ulipoitwa mahakamani, ilikuwa giza au mbalamwezi? Sikuona mtu aliyefikiri mara mbili. Mvuvi anaweza kusahau mtoto wake alizaliwa mwezi gani, lakini hasahau giza, maana ndilo analokula.

Walioitwa mbalamwezi walikuwa wamekwenda, wakasema ya kwao, wakashinda au wakashindwa. Walioitwa gizani ndio waliokosekana. Wengine walilala, wengine walituma wake zao wakaambiwa mke si mwenye kesi, wengine walipima chakula cha watoto na karatasi ya kuitwa, wakachagua ziwa. Mahakama ikaturuhusu kulinganisha na tarehe zake, nazo zikaonyesha jambo lilelile. Hakukuwa na mtu mbaya aliyepanga hivyo. Tarehe zilipangwa kadiri kesi zilivyoingia.

Issa nilimhoji mwenyewe, chini ya kibanda cha nyavu. Alikuwa kijana wa mabega mapana na aibu nyingi. Nilimuuliza kwa nini hakumwomba mtu amwamshe.

"Miye sikukataa kuja, mama," akasema. "Nilikuja. Mwili ndio ulikataa."

Wakati huo alikuwa amepeleka maombi mahakama ya juu kesi isikilizwe upya, naye alikuwa anangoja jibu. Bibi Mwajuma alituletea maji, akasimama kando mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza alichokuwa anangoja kuuliza. "Hii ankete itanirudishia michikichi yangu?"

Melkiori alijibu kabla sijafungua mdomo. "Hapana, mama. Sisi hatuhukumu. Tunachukua maneno yako na ya wenzako, tunayapeleka kwa wanaopanga."

"Basi peleka mbio," akasema. "Yule mwanamume ameshaanza kuja kuhesabu miti."

Tukiwa njiani kurudi niligombana na Melkiori kwa mara ya kwanza. Nilitaka tuandike barua mahakama ya juu, tuseme kwamba tunamjua Issa, alikuwepo siku ile, alilala tu. Alikataa katakata. Alisema nikimsaidia huyu mmoja, kesho kila nyumba itanijibu kwa kutafuta msaada, na sitajua tena lipi la kweli na lipi la kuomba.

"Na asiposaidiwa?" nikamuuliza.

"Basi tutakuwa na ukweli," akasema. Alilisema kwa uchovu kiasi kwamba sikujua kama anajitetea au anajilaumu. Vijana, mtafundishwa kanuni hiyo siku ya kwanza, na ni kanuni nzuri. Nami niliifuata. Msiniulize kama ningeifuata tena.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa komine. Alikuja prezida wa ile mahakama, hakimu mwenye miwani na homa ya mafua, mtu aliyechoka kama sisi. Walikuja wazee wa vilima, mama grefye anayeandika kesi, na wavuvi wachache waliokaa nyuma. Bibi Mwajuma hakualikwa, lakini alikuja na akakaa mbele.

Melkiori alieleza kwa Kirundi na Kiswahili, bila maneno makubwa. Alipomaliza prezida alifuta miwani yake. "Mwalimu, sasa munataka nikipanga kesi nitoke nje niangalie mwezi?" Ukumbi ukacheka. "Nina kesi za kujaza nyumba, gari hatuna, na nyinyi munaniletea mwezi. Waswahili wenyewe banasema asiyekuwepo na lake halipo."

"Ni kweli, Prezida," Melkiori akasema. "Lakini huyu alikuwepo. Alikuwa analala mbele yenu, na alikesha kwa sababu ya ndagala tutakazokula hapa baada ya mkutano."

Watu wakacheka tena, na prezida naye akacheka akakohoa. Ndipo mama grefye aliponyanyua mkono. Alisema mahakama haikai siku ya soko kubwa, kwa sababu watu hawaji. Haikai Jumapili wala sikukuu za Waislamu. Hajawahi kusikia mtu akisema kwamba soko linaingilia mahakama. Basi kesi za wavuvi ziwekwe mbalamwezi, na karatasi za kuwaita zipelekwe alasiri, mtu akiwa macho, mkononi mwake. Kalenda ya parokia iliyotundikwa ofisini kwake inaonyesha mwezi, haihitaji kutoka nje.

Prezida akasema tujaribu. Alisema hivyo tu, tujaribu. Wavuvi nyuma wakapiga makofi, wazee wakapiga makofi, na mimi nilipiga mpaka viganja vikauma. Miaka yote ile sikuwahi kuona maswali yetu yakibadilisha kitu mbele ya macho yangu. Nilifurahi, siwafichi.

Makofi yalipokwisha Bibi Mwajuma alisimama. "Murakoze sana," akasema. "Na michikichi yangu?"

Prezida alivua miwani tena. Akamwambia kwa upole, na alikuwa mpole kweli, kwamba hukumu yake ilitoka kabla ya utaratibu huu, na sasa faili liko mahakama ya juu, haliko mikononi mwake. Utaratibu ni kwa kesi zitakazokuja.

"Zitakazokuja," Bibi Mwajuma akarudia. "Sawa. Miye nilikuwa ya kufundishia." Akakaa. Mtu akaomba tuanze kula.

Jibu la mahakama ya juu lilitoka muda mfupi baadaye. Maombi ya Issa yalikuwa yamechelewa, muda wa kupinga ulikuwa umepita. Mfanyabiashara akapanda miyenzi ya mpaka kuzunguka shamba, ile mimea ya maziwa meupe, na msimu huo akavuna michikichi aliyoipogoa mtu mwingine. Nilipopata habari nililia ofisini mbele ya watu. Nilimkasirikia Melkiori, nikamkasirikia prezida, nikaukasirikia mwezi wenyewe. Melkiori aliniletea chai. Sikumshukuru.

Utaratibu ulifanya kazi, lazima niseme hivyo pia, maana ninyi mnahitaji kulisikia. Mbalamwezi mahakama ikajaa wavuvi. Walikuja wameoga, wamelala, na walisema sana, mpaka prezida akalalamika kwamba zamani kesi zao zilikuwa fupi. Mmoja wao, jirani wa ukuta mmoja na Bibi Mwajuma, alishtakiwa na mfanyabiashara yuleyule kwa maneno yaleyale. Aliitwa mbalamwezi, akaja na mashahidi wake, wakasikilizwa. Shamba akabaki nalo. Aliponiona sokoni alinikumbatia mbele ya mkewe. Mahakama nyingine za mwambao zikauliza tulifanyaje. Melkiori akaenda kuwaeleza, mpaka alipostaafu akarudi kwao Kabezi. Tulipoagana hatukulizungumza shamba lile.

Ankete yangu ya mwisho ilikuwa ya kufuatilia. Wakubwa walitaka tuwarudie watu wote waliowahi kutueleza habari zao, popote walipohamia, tuone kama hali imekuwa nafuu. Safari hii tulikuwa na tableti. Jina la Bibi Mwajuma lilikuwa kwenye orodha yangu, na lilielekezwa Kabonga, alikohamia kwa binti yake baada ya kukosa shamba. Issa alibaki Rumonge na ziwa lake. Ningeweza kumwomba mwenzangu aende badala yangu. Nilikwenda.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anachambua mchele wa binti yake. Mikono yake ilikuwa safi, haina rangi. Nilikaa kwenye mkeka. Alinijua mara moja, akaniuliza watoto, akaniuliza Melkiori, akamwambia mjukuu aniletee maji, nikanywa. Kisha nikamwambia nina maswali.

"Uliza," akasema. "Safari hii hatujalala."

Niliuliza kama nilivyofundishwa. Nikamuuliza kama katika mwaka uliopita kuna mtu aliyevuka mpaka wake, au aliyemdai ardhi, au mnyama aliyemharibia shamba, au ndugu aliyemsumbua kwa urithi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku vidole vikitafuta mawe kwenye mchele.

"Mupaka wa nini?" akasema. "Miye sina shamba. Nitagombana na nani? Andika hapana."

"Bibi, ile ya michikichi..."

"Ile ni ya zamani. Umesema mwaka uliopita. Mwaka uliopita sikugombana na mutu. Andika."

Niliandika hapana, kwa sababu ndivyo alivyojibu, na kwa mujibu wa swali ndiyo ilikuwa kweli. Yalikuwa yamebaki maswali mengi: ulikwenda wapi, ulisikilizwa, uliridhika, unaiamini mahakama? Yote yalikuwa ya waliojibu ndiyo. Tableti iliyaruka, ikanifungulia ukurasa wa mwisho, ule wa kumshukuru. Nikamwambia murakoze.